Kina mama wanaokoma hedhi kazini: mwongozo wa msimamizi wa Mombasa, kutoka feni hadi fomu

Maswali huwa ni yale yale. "Nimwambie nini bila kumvunjia heshima?" "Sheria inanilazimisha kumpa likizo?" "Nina wafanyakazi wanane na feni moja, nitafanya nini?" "Mwenyewe hasemi kitu, mimi nitajuaje?" Wanaouliza ni wasimamizi wa hoteli za Nyali na Bamburi, wakuu wa zamu viwandani Changamwe, walimu wakuu, wenye mikahawa Mji wa Kale na maduka Biashara Street. Ikiwa wewe ni mmoja wao, na hasa ikiwa umri wako ni wa kuwa mwana wa yule unayetaka kumsaidia, fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Usiziruke.

Mpangilio wenyewe una sababu: rekebisha mahali kabla ya kumgusia mtu. Maji, hewa, choo, sare na zamu vikitengenezwa kwa wote, kina mama wengi hawatakuwa na haja ya kukueleza lolote. Ukianza na mazungumzo huku choo hakina maji, utakuwa umemtia mtu haya bure.

Machache ya kujua kwanza

Hedhi huhesabiwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Lakini taabu huanza miaka kadhaa kabla, wakati siku bado zinakuja ovyoovyo, kwa hiyo mama wa miaka 44 anayeingia mwezini kama kawaida anaweza kuwa katikati ya shida. Wengine hufikishwa mapema na upasuaji wa kuondoa ovari au matibabu ya saratani. Usitumie umri kama kipimo.

Utakachokiona kazini ni fukuto: joto linalopanda ghafla kifuani, shingoni na usoni, kisha jasho, pengine moyo kwenda mbio, halafu kijibaridi. Kwa kawaida hudumu dakika 1 hadi 5. Usichokiona ni kingi zaidi: usingizi uliokatikakatika kwa jasho la usiku, kusahau jina au hesabu katikati ya kazi, viungo kuuma, damu kutoka kwa wingi bila kutarajiwa, haja ndogo ya kila mara, hasira au simanzi isiyo na sababu ya wazi.

Kiini chake ni homoni ya estrojeni kupanda na kushuka. Sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili huwa nyepesi kushtuka, hata joto dogo tu likaifanya ifungulie jasho lote. Hapo ndipo Mombasa inapokuwa na ugumu wake. Jasho hupoza mwili likikauka, na hewa yetu ina unyevu mwingi, hasa Februari na Machi ambapo mchana hufika nyuzi 32 au 33. Jasho linabaki mwilini na nguo inaganda mgongoni. Ushauri ulioandikwa kwa ofisi za nchi za baridi hauwezi kutosha hapa.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Kipima joto na unyevu, kile kidogo cha mezani kinachoonyesha vyote viwili.
- Mwanamke mmoja anayeaminika na wenzake, na wa pili wa kushika nafasi yake. Tutamwita mwakilishi. Asiwe mtu wa idara inayopunguza mishahara, wala asiwe mke wa mkubwa.
- Ruhusa ya mwenye kazi kwa maandishi, hata mistari mitatu, ikisema kwamba kubadilisha zamu au sare kwa sababu ya afya hakutapunguza mshahara.
- Ratiba ya zamu ya miezi miwili iliyopita.
- Kabati au droo yenye kufuli.
- Kasma ndogo ya kila mwezi ya maji, pedi na sabuni. Iandikwe kwenye hesabu za kazi. Ikitegemea mfuko wa mtu, itakufa mwezi wa pili.

Kama mna wafanyakazi 20 au zaidi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka muwe na kamati ya usalama na afya. Lipeleke jambo hili huko kama suala la joto na usafi, wala usiunde kamati nyingine.

Hatua ya 1: Pima mahali

Zunguka na kipimo chako mara tatu kwa siku, saa nne asubuhi, saa nane mchana na saa kumi alasiri, kwa siku tatu. Andika joto na unyevu wa kila kituo cha kazi. Kiweke kipimo usawa wa kifua pale mtu anaposimama kweli, na ungoje dakika 10 kabla ya kukisoma. Kukiweka ukutani karibu na dirisha ni kujidanganya.

Sehemu zitakazokushangaza mara nyingi ni nne: chumba cha dobi na pasi, stoo ya mabati, mapokezi yenye kioo kinachotazama magharibi, na ule upande wa jiko ambao moshi unatolewa lakini hewa safi haina pa kuingilia. Weka alama nyekundu kwenye vituo vitatu vibaya kuliko vyote. Hivyo ndivyo utakavyoanza navyo.

Hatua ya 2: Hewa

Fungua njia mbili za hewa zinazokabiliana. Dirisha moja peke yake halipitishi upepo. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, upepo hutoka kaskazini mashariki. Kusi ikiingia unageuka na kutoka kusini. Dirisha lililosaidia Januari linaweza kuwa kimya Juni, kwa hiyo usizibe upande wowote kwa makabati.

Feni ielekezwe shingoni na kifuani, umbali wa mita 1 hadi 2. Feni ya dari iliyo juu ya njia ya kupita haimsaidii aliyekaa pembeni. Mezani, kifeni kidogo cha kuchaji kinatosha, na kinafaa kuliko vyote stima inapokatika.

Tahadhari mbili. Jikoni, feni isielekee kwenye moto wa gesi: upepo huzima mwali na gesi ikaendelea kutoka. Pili, usinunue zile mashine zinazotiwa maji na barafu ili zipulize ubaridi. Hufanya kazi kwa kukausha maji hewani, na hewa ya pwani imeshashiba unyevu. Kwenye chumba kilichofungwa zitaongeza fukuto badala ya kulipunguza. Wauzaji hawatakwambia hili.

Penye kiyoyozi, kiweke nyuzi 24 au 25 kisha msogeze mwenye joto karibu nacho. Kukishusha hadi 18 kwa ajili ya mtu mmoja huleta ugomvi wa chumba kizima, na lawama zote zitamrudia yeye. Safisha chujio angalau mara moja kwa mwezi.

Hatua ya 3: Maji ya kunywa

Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Kutosha ni kiasi gani? Kwa kazi ya joto kama jiko, dobi au bustani, kadiria kikombe kimoja cha mililita 200 hadi 250 kila dakika 15 hadi 20. Kwa zamu nzima, chupa ya lita 20 ni ya watu wawili hadi wanne. Ofisini, chupa hiyohiyo itawatosha watu kama 10.

Yawe baridi, na yawe hatua chache kutoka kituo cha kazi. Maji yaliyo ghorofa ya chini hayanywewi na mtu anayeumwa magoti. Ikiwa maji ya bomba lenu ni ya kisima na yana chumvi, msihesabu kama ya kunywa.

Chai ya tangawizi ya moto, kahawa tungu na pilipili huwachochea fukuto baadhi ya kina mama, na wengine haviwafanyi kitu. Usimkataze mtu chai yake. Weka tu kinywaji baridi pembeni ili awe na la kuchagua.

Hatua ya 4: Choo

Hii ndiyo hatua inayopuuzwa zaidi na inayoleta nafuu ya haraka zaidi. Katika miaka ya kuelekea kukoma, damu inaweza kuja baada ya miezi miwili ya kimya, na ije kwa wingi wa kujaza pedi kwa saa moja. Mama anayejua kwamba choo cha kazini hakina maji hukaa nyumbani siku hiyo, kisha aandike "homa".

Choo cha wanawake kiwe na:

1. Maji. Bomba likikauka, pipa la lita 100 lenye mfuniko na kopo, lijazwe kila asubuhi na mtu aliyetajwa jina kwenye ratiba.
2. Komeo linalofunga na taa inayowaka.
3. Pipa la taka lenye mfuniko wa kukanyagia, ndani ya kila choo na si nje kwenye korido, limwagwe kila siku.
4. Pedi. Kwa kila wanawake 10 anza na pakiti 4 za zile nene za usiku na pakiti 2 za kawaida, kisha hesabu zilizobaki kila Ijumaa. Ziwe wazi kuchukuliwa. Pedi zilizofungiwa kwa msimamizi mwanamume ni sawa na hakuna.
5. Kabati dogo lenye leso mbili za rangi nzito, sketi nyeusi ya saizi kubwa, sabuni na mifuko isiyoonyesha ndani.

Leso zisikosekane. Nguo ikichafuka katikati ya zamu, mama atajifunga leso na kutembea hadi stejini bila mtu kushtuka. Hakuna vazi jingine mjini hapa linaloweza kuvaliwa juu ya lolote bila kuulizwa maswali.

Kisha ondoa ile desturi ya kuomba ruhusa ya kwenda haja. Penye mstari wa mashine au dawati la mapokezi ambapo nafasi haiwezi kuachwa tupu, teua mshika nafasi wa kila zamu. Anayetaka kutoka amguse bega tu. Viti vya kitambaa chepesi vifunikwe kwa kitambaa cheusi kinachofulika.

Hatua ya 5: Sare

Soma lebo ya sare mnayotumia. Kama ni poliesta tupu, umepata sababu moja ya malalamiko. Agiza pamba, au mchanganyiko ambao pamba ni zaidi ya nusu, mkono mpana, shingo isiyobana. Chini iwe rangi nzito: sketi au suruali nyeupe kwa wahudumu wa vyumba ni adhabu. Kila mmoja apate angalau blauzi tatu, ili abadilishe moja katikati ya siku.

Kwa wanaojifunika, hijabu ya kazi iwe ya pamba nyepesi au voili, na kile kivazi cha ndani cha kushika nywele kiwe cha pamba pia. Kile cha nailoni ndicho kinachochemsha kichwa. Weka kabati la kufunga la kuachia buibui, na chumba cha wanawake peke yao ambamo mtu anaweza kujifunua kichwa dakika tano na kujifuta. Usimwambie mtu avue. Mpe pa kuvulia, atajiamulia.

Hatua ya 6: Zamu na kazi zenyewe

Chukua ratiba ya miezi miwili na piga mstari kila mahali mtu alipotoka zamu ya usiku na kurudi asubuhi. Kati ya zamu mbili acha angalau masaa 11. Mtu aliyeamka mara nne usiku kubadilisha shuka iliyolowa hawezi kupangiwa zamu ya aina hiyo, kisha akalaumiwa kwa kukosea hesabu.

Hamisha kazi za moto ziende asubuhi. Pasi, kuchemsha na kusugua sakafu za nje zimalizwe kabla ya saa tano. Kukunja, kuhesabu na kupanga stoo kuje mchana. Ongeza mapumziko mawili ya dakika 10 nje ya yale ya chakula. Kazi zinazoweza kufanywa kwa kukaa zifanywe kwa kukaa. Mpokezi haongezi heshima ya hoteli kwa kusimama masaa manane.

Anayetoka Likoni amesimama kivukoni katika umati, kisha matatu iliyojaa. Mruhusu dakika 30 za kuingia mapema au kuchelewa, azilipe mwisho wa zamu, na dakika 10 za kupoa kabla ya kushika kazi. Nyingi zitarudi katika kazi atakayoifanya.

Ramadhani ipangiwe peke yake. Mwaka 2026, 2027 na 2028 inaangukia kati ya mwisho wa Januari na Machi, ndani kabisa ya joto la kaskazi, na aliyefunga hawezi kunywa. Mpunguzie kazi ya moto baada ya adhuhuri, weka maji ya friji na vitambaa safi vya kujikanda shingoni na mikononi, na umwachie mapema afike nyumbani kabla ya magharibi. Usimuulize mtu kwa nini leo amefunga na jana hakufunga. Damu isiyo na mpangilio huleta maswali ya fiqhi ambayo ni yake na ustadhi wake.

Hatua ya 7: Sasa zungumza

Kaa na wasimamizi wote saa moja kwanza. Wape yale machache ya mwanzo wa mwongozo huu, kisha wafanye mazoezi ya mazungumzo wawili wawili. Watacheka. Waache wacheke humo chumbani, yaishe.

Kanuni ni nne. Mwanamke ndiye atakayetaja hedhi, wewe usianze. Ongea juu ya kazi na mahali, acha mwili wake. Mahali pawe pa faragha lakini si chumba kilichofungwa cha mwanamume na mwanamke wawili tu: wengi hawatakubali hilo kwa dini yao, na hata anayekubali atasemwa. Benchi la uani linaloonekana ila halisikiki linafaa. Na kila mara mpe nafasi ya kuzungumza na mwakilishi badala yako.

Mfano wa msimamizi kijana:

"Shikamoo mama."
"Marahaba."
"Mama, napitia kazi ya kila mtu kwenye zamu hii, si wewe peke yako. Kuna kitu hapo mahali pako kinachokutaabisha? Joto, kusimama, choo kuwa mbali, zamu? Si lazima unieleze sababu."

Hapo nyamaza. Usijaze kimya kwa mifano. Akisema "ni joto tu mwanangu", jibu: "Basi kesho kutakuwa na feni hapo, na pasi tutaihamishia asubuhi. Kama kuna mengine, yule bi wa stoo yupo, na hatanieleza mimi usipotaka." Akisema hakuna kitu, mshukuru na uende. Ameshajua mlango uko wapi.

Yasiyosemwa: "Mama yangu naye alikuwa hivyohivyo." "Ni ule umri sasa." "Labda ukafanye kazi nyepesi." Hilo la mwisho linasikika kama huruma, lakini anayeambiwa husikia anasogezwa karibu na lango. Yeye akikutajia hedhi mwenyewe, usishtuke wala usitazame chini: "Asante kwa kuniambia, mama. Tuangalie tubadilishe nini" inatosha.

Hatua ya 8: Andika, lakini kidogo

Nusu ukurasa unatosha. Andika kinachobadilika, nani atakifanya, kuanzia lini, na lini mtaangalia tena. Usiandike ugonjwa wala neno hedhi. Kwa mfano:

*Kupiga pasi saa moja hadi saa nne asubuhi. Baadaye kukunja na kuhesabu. Feni ya mezani kituo cha tatu, italetwa na stoo kufikia Jumatano. Mapumziko ya dakika 10 saa tano na saa tisa. Mshahara haubadiliki. Kuangaliwa tena baada ya wiki 4.*

Nakala moja yake, nyingine kwenye droo yenye kufuli. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la zamu, hata kwa nia ya kumwombea, ni kosa. Wiki 4 zikifika, uliza maswali mawili tu: kipi kimesaidia, kipi hakikufanyika. Mara nyingi shida itakuwa hiyo ya pili. Baada ya hapo angalieni kila miezi 3, kwa sababu hali hubadilika.

Hatua ya 9: Njia ya kwenda hospitali

Kazi yako si kutibu. Usigawe vidonge, usiruhusu mtu kuuza virutubisho vya "kina mama" kazini, na usimsimange anayetumia habasoda au dawa ya mkunga wake, mradi haahirishi daktari kwa ajili hiyo. Homoni za kutibu mafukuto zipo na huwafaa wengi, lakini haziwafai wote. Aliyewahi kuwa na saratani ya matiti au damu iliyoganda mguuni au mapafuni lazima apimwe na daktari kwanza, na wala asiazime za mwenzake.

Bandika karatasi hii ndani ya mlango wa choo cha wanawake, mahali ambapo inasomwa peke yako:

- Damu yoyote, hata tone, baada ya miezi 12 bila hedhi: daktari wiki hii. Huenda isiwe kitu, lakini ndivyo saratani ya mji wa mimba inavyojitangaza mara nyingi.
- Pedi inayojaa kila saa kwa masaa kadhaa, mabonge makubwa, au kizunguzungu: hospitali leo.
- Maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuzirai: hospitali sasa hivi.
- Hedhi kukoma kabla ya miaka 45: ipimwe.
- Kuona maisha hayana maana au kufikiria kujidhuru: mwambie mtu leo, na nenda hospitali.
- Jasho la usiku pamoja na kikohozi, homa au kukonda: pima kifua kikuu na malaria. Si kila jasho ni la umri.

Zingatia pia upungufu wa damu. Anayetoka damu nyingi miezi kadhaa huchoka, moyo humdunda akipanda ngazi, na watu husema amekuwa mvivu. Kipimo ni rahisi: himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni pungufu kwa mwanamke asiye mjamzito. Akipewa vidonge vya madini ya chuma, asivimeze na chai, kwa kuwa chai huzuia chuma kuingia mwilini. Aache saa moja au mbili kati yake.

Vipimo vya mwanzo hufanywa hospitali za serikali za Tudor, Port Reitz na Likoni. Zikishindwa humpeleka Coast General, ambayo wengi huiita Makadara. Kabla hajaenda, hakikisha makato yake ya SHA (bima ya afya ya serikali), asilimia 2.75 ya mshahara, yamefikishwa. Yaliyokatwa yakabaki ofisini hayamsaidii mgonjwa dirishani.

Na lile swali la likizo: Sheria ya Ajira haitaji likizo ya kukoma hedhi. Inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia. Zaidi ya hapo ni hiari yenu, na mwajiri mwerevu hutoa ruhusa ya masaa machache ya kliniki bila kuyakata. Ni rahisi kuliko kumfundisha mgeni kazi aliyoijua mwenzake miaka 20.

Ikigoma

*Hakuna aliyejitokeza.* Si dalili kwamba hakuna mwenye shida. Tazama pedi na maji: vikipungua, mpango unafanya kazi. Kama havipungui, kagua vilipowekwa.

*Wenzake wanasema ni upendeleo.* Hii hutokea ulipoanza na mtu badala ya mahali. Rudi hatua ya 2 hadi ya 6, uzifanye kwa wote, wanaume wakiwemo. Feni haibagui. Kwa yaliyobaki, jibu moja: "Kila mtu ana makubaliano yake na mimi, na yako sitayatangaza pia."

*Mzaha umeanza.* Usiitishe mkutano. Mwite anayefanya mzaha peke yake siku hiyohiyo, mwambie aache. Akirudia, andika onyo kama ungeandika kwa tusi lolote.

*Stima imekatika mchana.* Fungua milango, simamisha pasi na oveni kwanza, toa vifeni vya kuchaji, na uhamishe kazi za mezani barazani. Vifeni vichajiwe kila jioni na mtu mmoja aliyetajwa.

*Makosa ya kazi yanaendelea.* Jaribu karatasi ya hatua za kazi ukutani, kuhesabiana wawili wawili kwenye pesa na dawa, na kumpunguzia kukatizwa. Mpe wiki 4. Yakiendelea, lishughulikie kama suala la kazi kwa utaratibu wa kawaida, bila kulifungamanisha na umri wake, na baada ya kumuuliza kama ameonana na daktari.

*Mwenye kazi anasema hakuna pesa.* Anza na yasiyo na bei: kuhamisha pasi asubuhi, kuacha masaa 11 kati ya zamu, mshika nafasi wa choo, kusogeza meza dirishani. Kisha mpelekee hesabu mbili kwenye karatasi moja, gharama ya maji na pedi za mwezi upande huu, na siku za "homa" za miezi mitatu iliyopita upande ule.

*Ni mkahawa wa watu watatu, hakuna mwakilishi wala kamati.* Fanya hatua ya 2, ya 3 na ya 4, weka leso mbili nyuma ya mlango, na umwambie kila mmoja kwamba akitaka kutoka dakika tano atoke bila kuuliza. Kwa ukubwa huo, hizo ndizo zinazohitajika.